Kiwanja pembezoni mwa Mtwara: cha halmashauri, cha ubia, au kipande cha shamba?

Fedha za korosho zikishaingia benki, simu za madalali haziishi kulia. Kuna "ishirini kwa ishirini" kule Naliendele, kuna "eneo la upepo mzuri" Mikindani, kuna kiwanja "kimepimwa kabisa, bado hati tu" upande wa Mangamba. Bei zinapishana mara mbili, mara tatu, na mnunuzi anajiuliza kwa nini hiki kiwe ghali kuliko kile ilhali vyote ni mchanga ule ule na mikorosho ile ile.

Kinachopishanisha bei, au kinachopaswa kuipishanisha, ni njia. Sisemi lami. Nasema ardhi ya njia: upana uliotengwa kwenye mchoro na kuwekewa bikoni, yale mawe ya mpimaji, kabla nyumba ya kwanza haijasimama. Nguzo ya TANESCO hufuata njia. Bomba la MTUWASA, mamlaka yetu ya maji, hufuata njia. Lori la matofali, gari la kunyonya majitaka, gari la zimamoto, gari la kumbeba mama mjamzito usiku wa manane, vyote vinahitaji njia. Barabara ya vumbi yenye upana wa kutosha itapata kifusi mwaka huu na lami mwaka ambao Mungu atajalia. Uchochoro wa mita mbili hautapata chochote mpaka mtu akubali kubomoa ukuta wake. Kwa hiyo ninapolinganisha aina hizi tatu za viwanja, swali la kwanza ni nani ametoa ardhi ya njia, na aliitoa lini.

Aina zenyewe

Kiwanja cha halmashauri tunakifahamu. Manispaa ya Mtwara-Mikindani inatwaa eneo, inawalipa fidia wenye mashamba, inapanga, inapima, kisha inatangaza viwanja na watu wanajaza fomu. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ndiyo iliyozifanya halmashauri kuwa mamlaka za upangaji katika maeneo yao. Tatizo lao la kudumu ni mtaji, kwa sababu fidia hulipwa kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa. Ule mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha, maarufu kama KKK, ulibuniwa kwa ajili hiyo: Wizara ya Ardhi inaikopesha halmashauri bila riba, nayo inarejesha viwanja vikishauzwa. Bei unayotajiwa dirishani imebeba fidia, mchoro, bikoni na ufunguaji wa barabara.

Cha ubia ni cha kampuni ya upimaji kukubaliana na wenye mashamba. Mkulima hapewi fedha. Shamba linapangwa na kupimwa lote, halafu viwanja vinagawanywa: tuseme katika kila viwanja 10 mwenye shamba abaki na 6, kampuni ichukue 4 iuze irudishe gharama na faida yake. Hakuna fidia ya kusubiri, na mkulima ana sababu ya kutaka barabara ziwe nzuri maana viwanja vyake sita vitapanda bei.

Kipande cha shamba ni mkono kwa mkono. Kamba, hatua, miti ya mipaka, karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa, picha ndogo za pande zote mbili, mashahidi, basi. Baadaye, watu wakishajaa, ndipo unakuja urasimishaji: wapimaji wanapima nyumba kama zilivyo, majirani wanakaa vikao kukubaliana nani atoe ardhi ya njia, na kila mwenye kiwanja anachangia gharama.

Hesabu ya ekari moja

Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047. Mwenye shamba akiikata vipande vya mita 20 kwa 20 bila kuacha chochote, anauza vipande 10. Mpimaji akiipanga ekari hiyo hiyo, akatenga karibu theluthi kwa barabara na maeneo ya umma, vinabaki viwanja 6, kwa bahati 7. Vile vitatu au vinne vilivyokosekana ndiyo barabara yenyewe, na sehemu ya shule, zahanati na uwanja wa watoto.

Hapo ndipo kipande cha shamba kinapata urahisi wake. Muuzaji hakumlipia mtu barabara, kwa hiyo hakutozi. Lakini barabara haikufutwa, imeahirishwa tu, na atakayeilipia ni wewe pamoja na majirani zako siku ya urasimishaji. Siku hiyo ardhi ya njia haitakuwa pori tena. Itakuwa choo cha mtu, baraza la mtu, mwembe uliopandwa na marehemu baba. Wizara iliweka kikomo cha shilingi 150,000 kwa kiwanja katika michango ya urasimishaji, na watu wengi wakaona ndiyo gharama yote. Gharama kubwa ni mita ambazo jirani wa mbele hataki kuzitoa.

Tanzania imeshalijaribu jambo hili kwa vitendo. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, maeneo mapya yalipimwa kabla ya watu kuingia, yakawekewa barabara na maji ya msingi: Sinza, Kijitonyama na Mikocheni za Dar es Salaam ni baadhi yake. Wakati huo huo maeneo yaliyokwisha kujengwa, kama Manzese, yaliboreshwa yakiwa na watu ndani. Miongo kadhaa baadaye wanauchumi walilinganisha aina hizo mbili katika miji 7 ya nchi hii. Maeneo yaliyopimwa mapema yalikuwa na nyumba kubwa na bora zaidi, zimejipanga vizuri zaidi, na ardhi yake ina thamani kubwa zaidi. Waliojenga nyumba hizo walijijengea wenyewe, kidogo kidogo, kama sisi. Serikali iliwaachia mistari na huduma za msingi tu.

Wala hatuhitaji kwenda Sinza kutafuta ushahidi. Mji wa Mtwara wenyewe ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya bandari ya mpango wa karanga wa Waingereza, zile karanga za Nachingwea ambazo hazikuota kama walivyotarajia. Mpango ukaachwa 1951. Reli iliyotoka bandarini kwenda bara ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mji ukabaki na barabara pana zilizokuwa zikisubiri watu, na kwa miaka mingi wageni walitucheka kwamba tuna mji wenye nafasi kuliko nyumba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 katika manispaa, na tumeongezeka sana tangu hapo. Nafasi ile iliyochekwa ndiyo inayopitisha mabomba na nyaya leo. Karanga zilishindwa, mistari haikushindwa.

Mahali ambapo kiwanja cha halmashauri kinakuangusha

Nisionekane mpiga debe wa manispaa. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza 2002, ulitoa viwanja vilivyopimwa vizuri kabisa, na vingi vikakaa miaka na miaka vichaka vitupu. Sababu zilikuwa mbili: maji na umeme vilichelewa kufika, na walionunua wengi walikuwa watu wenye nyumba nyingine, wanatunza fedha kwenye ardhi. Aliyetaka kuhamia kweli alijikuta peke yake katikati ya pori lenye namba za viwanja.

Ukiwa wa kwanza kujenga, unalipa gharama ya kuwa wa kwanza. Chukua umeme. Kwa bei zilizorejeshwa mijini Januari 2022, kuunganishiwa njia moja ndani ya mita 30 bila nguzo ilikuwa shilingi 320,960. Ukihitaji nguzo moja, 515,618. Nguzo mbili, 696,670. Zaidi ya hapo unasubiri mradi, au unaungana na majirani ambao bado hawajafika. Maji nayo ni hivyo hivyo, na visima vya kuchimba kwenye miinuko yetu huenda chini sana kabla ya kukutana na kitu. Kwa hiyo kabla ya kulipia kiwanja cha halmashauri simama juu yake, tazama nguzo ya mwisho iko wapi, uliza bomba la mwisho limekomea wapi. Umbali huo uzidishe kwa fedha, kisha ujumlishe kwenye bei.

Liko pia sharti la kuendeleza. Hati inakuja na masharti, na moja ni kujenga ndani ya miezi 36. Husimamiwa kwa ulegevu, lakini lipo, na kodi ya pango la ardhi inahesabika kila mwaka ujenge usijenge. Mwenye mpango wa kujenga "tukijaliwa" baada ya miaka kumi afikirie hilo.

Mjomba na karatasi

Katika kipande cha shamba, hatari inayotajwa sana ni kuuziwa mara mbili. Huku kwetu ipo nyingine inayotangulia. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ardhi ya ukoo imefuata upande wa mama kwa muda mrefu, na kauli ya mjomba ina uzito ambao karatasi ya mtaa haiufuti. Kijana anaweza kukuuzia shamba alilolima miaka yote, akaweka sahihi, mwenyekiti akagonga muhuri, kisha baada ya kuta kufika kwenye renta akatokea mjomba kutoka Newala akiuliza nani aliyeuza shamba la dada yake. Mahakamani labda utashinda. Utaishi hapo na watu hao hao, lakini.

Basi ukinunua shamba, usiridhike na muuzaji na mkewe, ingawa sahihi ya mke ni lazima. Omba kikao cha ukoo, mjomba awepo, dada wawepo, waandike wote. Uliza makaburi yako wapi. Mashamba mengi ya zamani yana makaburi chini ya mikorosho, na kuyahamisha kuna sheria yake tangu 1969, hayahamishwi kwa makubaliano ya watu wawili. Zungusha uzio wa eneo hilo kwenye mchoro wako, liache, wape njia ya kuzuru. Na kumbuka kwamba mwenyekiti wa mtaa anashuhudia mauziano tu. Hagawi ardhi, hatoi milki, na muhuri wake haugeuzi shamba kuwa kiwanja.

Kwenye ubia hatari imekaa kwingine. Kampuni inaweza kuchora, ikapanda bikoni, ikauza sehemu yake, kisha ikakawia kwenye hatua ya mwisho, ile ya kuidhinisha na kusajili ramani. Mnunuzi anashika risiti yenye nembo nzuri na namba ya kiwanja ambayo ofisi ya ardhi haiijui. "Kimepimwa, bado hati tu" ndiyo sentensi ya kuitilia shaka kuliko zote katika biashara hii. Muulize anayekuambia: mchoro wa mipango miji umeidhinishwa kwa namba gani, ramani ya upimaji imesajiliwa kwa namba gani. Akikupa namba, nenda nazo Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, zipo kila mkoa tangu 2020, huna haja ya kusafiri. Akikwambia "zinashughulikiwa", nawe fedha yako iendelee kushughulikiwa huko benki.

Nikiwekewa mezani cha ubia chenye ramani iliyosajiliwa na cha halmashauri kilicho mbali zaidi, nitachukua cha ubia bila kusita. Njia imeshatengwa, na kwa kawaida mashamba ya ubia yako karibu na mji kuliko eneo ambalo halmashauri inamudu kulilipia fidia.

Upande gani?

Aina ya kiwanja ni nusu ya uamuzi, nusu nyingine ni mwelekeo. Mji unapanuka kwa pande kuu mbili.

Upande wa Mikindani una barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam, una Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na una bahari. Hospitali kubwa huvuta nyumba za kupanga, maduka ya dawa, mama lishe, bodaboda, kwa hiyo mwenye kutaka nyumba ya kupangisha aanzie huko. Lakini ardhi ya Mikindani si tambarare. Mji mkongwe umebanwa kati ya ghuba na vilima, na kiwanja cha mteremkoni kitakula fedha kwenye msingi na kuta za kuzuia udongo kabla hujaweka tofali la kwanza la ukuta. Na wanaouza "mbele ya bahari" wakumbushwe Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: ndani ya mita 60 kutoka ufukweni hapajengwi nyumba ya kudumu. Mikoko si kichaka cha kufyeka ili kupata mandhari.

Upande wa Naliendele ni tambarare zaidi, ni nchi ya korosho kwelikweli, kituo cha utafiti wa korosho cha TARI kiko hapo, na barabara ya Newala hadi Masasi inapitia huko. Kujenga ni nafuu, mashamba ni makubwa, na ubia unawezekana kwa sababu mwenye shamba mmoja anaweza kuwa na ekari za kutosha mchoro wa maana. Tahadhari yake ni hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla yake ilikuwa mita 22.5. Ndiyo asili ya zile alama za X, nyekundu kwa aliyevamia hifadhi ya zamani, kijani kwa aliyekutwa na upanuzi. Fremu za biashara barabarani zinavutia, ila pima kwa futi kamba kutoka katikati ya lami, usipime kwa macho ya dalali.

Msangamkuu, ng'ambo ya kivuko, pazuri kwa kupumzika. Kwa kuishi na kufanya kazi mjini kila siku, ratiba ya kivuko itakuwa ndiyo ratiba yako, basi tuliache hapo.

Na kuna wanaonunua kwa kufuata tetesi za mradi mkubwa. Wakati wa joto la gesi, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijakamilika 2015, kodi za nyumba Mtwara zilipaa na viwanja vikauzwa kwa bei za ndoto, kisha wageni wakaondoka. Lindi wanaijua hadithi hiyo kwa mtindo wa kusubiri: kiwanda cha kusindika gesi cha Likong'o kimezungumzwa kwa zaidi ya muongo. Nunua mahali ambapo ungeishi hata mradi usipokuja.

Nani achukue kipi

Mtumishi mwenye mshahara na nia ya kukopa benki achukue cha halmashauri au cha ubia kilichosajiliwa. Benki inataka hati, na karatasi ya mtaa haiwezi kuwa dhamana ya mkopo wa maana. Kama nguzo ya mwisho iko mbali, atafute wenzake watano walionunua mtaa huo huo, waombe umeme kwa pamoja, wajenge msimu mmoja.

Mkulima au mama mwenye biashara ndogo ambaye fedha zake zinakuja kwa msimu yuko kwenye hali ngumu zaidi, na sitamdanganya kwamba kiwanja kilichopimwa kinamfaa kila mara. Halmashauri inataka malipo ndani ya muda. Akishindwa kumaliza, kiwanja kinarudi. Kipande cha shamba anaweza kukilipa kwa awamu mbili za korosho kwa makubaliano na mwenye shamba. Namwambia achukue, kwa masharti yake mwenyewe: asinunue peke yake. Wanunuzi wa shamba hilo wakutane kabla ya kukata, kila mmoja akubali kupungukiwa mita kadhaa upande mmoja, waache njia ya mita nane hadi kumi, waiandike kwenye karatasi ya kila mmoja, na wapande michongoma mipakani siku hiyo hiyo. Ni upangaji miji wa kamba na jembe, usio na mchoro ulioidhinishwa, lakini wapimaji wa urasimishaji watakapokuja watakuta njia ipo. Vikao vitakuwa vifupi.

Anayehitaji kuhamia ndani ya mwaka huu kwa sababu kodi inamshinda asiende pembezoni kabisa. Atafute kiwanja kilichobaki katikati ya nyumba katika mtaa uliokwisha kupimwa, hata kikiwa kidogo.

Amebaki mwenye shamba mwenyewe, ambaye makala za namna hii humsahau. Mji umemfikia, kila wiki mtu anabisha hodi. Akiuza kipande kipande atapata fedha ya haraka na mwisho shamba litaisha bila mjukuu kupata pa kujenga. Akisubiri fidia, sheria inasema iwe kamili, ya haki na ya haraka, na inahesabu zaidi ya ardhi: miti, majengo, posho ya usumbufu, posho ya makazi sawa na kodi ya nyumba ya miezi 36 kama alikuwa akiishi hapo, na usafirishaji wa mizigo tani 12 ndani ya kilomita 20. Mkorosho unaozaa una thamani yake, ahesabu miti yake mapema na kuipiga picha. Fidia isipolipwa ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa, inaanza kuzaa riba. Wengi hawaidai riba hiyo, kwa kutojua.

Akiingia ubia, aangalie mambo mawili kwenye mkataba kabla ya kuangalia mgawo. La kwanza, viwanja vyake vitajwe kwa namba kwenye mchoro, asiachiwe vile vya kona na vya korongoni. La pili, kampuni isiruhusiwe kuuza hata kiwanja kimoja cha fungu lake kabla ramani haijasajiliwa. Kampuni ikikataa sharti hilo la pili, mkorosho uendelee kuzaa.